Hii presha si ile ya shosho

Nimekaa na hii stori tangu Aprili, wacha tu niiandike. Mtoto wa sistangu, miaka saba, aligongwa na boda huko Kayole akivuka kwenda duka, kichwa kikapiga lami, na tukifika hospitali hata ukimfinya hafungui macho. Skani, ICU, mashine ya kupumua. Daktari akasema ubongo umefura na presha ya kichwa iko juu. Shosho akashtuka, ati mtoto mdogo hivi ana presha? Yeye humeza za kwake kila asubuhi.

Daktari hakucheka. Akamwambia, shosho, fikiria matatu imejaa na mlango umekwama. Abiria ni watatu, ubongo, damu na yale maji yanayozunguka ubongo. Mmoja akifura wengine lazima washuke, wakikosa pa kushukia wanafinyana, na wakifinyana sana damu mpya haipandi, ndiyo ubongo unaumia mara ya pili.

Wakampitishia waya mwembamba ndani ya fuvu, skrini ikasoma 26. Walitaka ikae chini ya 20. Kitanda kimeinuliwa digrii 30, kichwa kimenyooka katikati. Mimi na kiherehere changu nikamgeuza uso kidogo nimbusu, nesi akanirukia, madam wacha! Na namba ikapanda nikiiona, kumbe ukipinda shingo unabana mishipa inayorudisha damu chini. Nilienda kulia kwa ngazi.

Kilichomchanganya shosho kabisa ni dawa: maji ya chumvi, asilimia 3, wakati dripu ya kawaida ni 0.9. Chumvi tena? Si ndiyo alikatazwa kliniki! Hapo nilimwelezea mwenyewe, si unajua kitunguu cha kachumbari ukikitia chumvi kinatoa maji, basi chumvi ikiwa kwa damu inavuta maji kutoka kwa ubongo.

Anko naye alitaka mtoto awekwe barafu, amesoma mahali. Homa waliishusha, lakini kumpoza zaidi ya hapo wakakataa, kuna utafiti ulitoka 2008 wa watoto 225, na wale waliopozwa hawakupona vizuri kuliko wenzao.

Ingegoma kushuka wangetoa kipande cha fuvu, yaani wafungue paa la hiyo matatu. Fomu tulishasaini. Haikufika hapo.

Siku ya nne nikampigia shosho, imeshuka, iko 14.

"Kumi na nne tu? Yangu jana ilikuwa 160."