Uzi wa plagi ulilika, tukautengeneza bila kufungua hedi

Gari langu ni Corolla 110, injini ya 5A-FE, cc 1500. Bloku yake ni chuma lakini hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda ambamo plagi za moto hufungwa, ni aluminiamu, na plagi ni chuma. Vikilazimishana, kinacholiwa ni uzi wa aluminiamu, yaani ile mifereji ya skrubu inayoishika plagi. Gereji moja ilinibadilishia plagi injini ikiwa bado ya moto, wakazifunga kwa racheti toka mzunguko wa kwanza. Silinda ya tatu haikuvumilia.

Nilijua nikipanda kutoka Uyole, Mbeya, kuelekea Isongole. Kila nikikanyaga mafuta inapiga "chaf! chaf!", nguvu hakuna, harufu ya petroli inaingia ndani. Nikapaki, nikaacha injini ipoe kabisa, kisha nikavuta waya wa plagi. Plagi ilikuwa inacheza, ikatoka karibu bila kulazimishwa. Kwenye mifereji yake kulikuwa kumejisokota utepe mwembamba wa aluminiamu, unang'aa kama mpya. Huo utepe ndio uliokuwa uzi wa hedi.

Nikavutwa hadi Mwanjelwa, ushauri ukaanza. Wengi waliniambia nifungue hedi ikachomelewe na kuchongwa upya. Inawezekana, ila maana yake ni gasketi mpya, kufungua taimingi belti, na gari kukaa juu ya mawe wiki nzima. Mmoja akataka nipake gundi ya chuma kisha nikaze. Hilo nililikataa palepale. Plagi hupoza joto lake kupitia kiti na uzi wake. Ikishikwa na gundi tu itachemka kupita kiasi, na mgandamizo wa silinda utaisukuma nje siku yoyote.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja mzee wa pale Soweto. Nilimwamkia, akaiangalia plagi, akasema: "Mwanangu, hedi nzima unaifungulia nini? Weka bushi, kile kipete cha chuma chenye uzi ndani na nje."

"Na chenga za aluminiamu tukikata uzi mpya wa bushi zitakwenda wapi, mzee?"

"Hapo ndipo penye kazi."

Na kweli ndipo palipokuwa na kazi. Kukata uzi ni dakika chache. Kuzuia chenga zisikae ndani ya silinda kulichukua sehemu kubwa ya siku, na sijutii hata dakika moja. Chenga ikibaki itakwaruza ukuta wa silinda au itanasa kwenye kiti cha valvu. Sumaku haisaidii, kwa sababu aluminiamu hainaswi na sumaku.

Kwanza tulipuliza kisima cha plagi kwa kompresa, maana kwenye injini hii plagi zimekaa chini sana na kisima kinajaa vumbi. Plagi zote zikatolewa. Tukazungusha puli ya kranki kwa spana, tukiwa tumeingiza mrija wa plastiki kwenye tundu kuisikilizia pistoni, hadi ikashuka chini kabisa na tapu, yaani kifaa cha kukatia uzi, isingeweza kuigusa.

Tapu yenyewe ilikuwa ya sehemu mbili, nyembamba na pana. Ncha yake ina uzi wa plagi ya kawaida, kipenyo milimita 14, na milimita 1.25 kati ya jino na jino, nayo hushika mabaki ya uzi wa zamani ili sehemu pana inayofuata ikate ikiwa imenyooka. Ukikata kwa kupinda, bushi na plagi vyote vitakaa upande. Mifereo ya tapu tuliijaza grisi nzito. Fundi alizungusha nusu, akarudisha kidogo, akazungusha tena, kisha akaitoa: chenga zote zimenata kwenye grisi. Akafuta, akapaka upya, akarudi. Hakuharakishwa na mtu.

Baadaye tukaingiza mpira mwembamba wa kompresa hadi ndani ya silinda na kupuliza, tukavuta kwa mashine ya kufyonza vumbi, tukapuliza tena. Mwisho nikachomoa soketi za nozeli na za distribyuta ili petroli na moto visije, nikapiga selfu plagi zikiwa nje, kila mtu akiwa kando. Kilichotoka ni hewa tu.

Bushi ya chuma ilifungwa kwenye plagi mpya, ikapakwa nje gundi ya uzi inayostahimili joto, ikaingizwa hadi ukingo wake ukakaa vizuri kwenye kiti. Tukaiacha ikauke hadi kesho yake. Kipimo cha kukaza plagi za injini hii ni Nm 18, tukatumia spana ya kupimia. Ukiwa huna, plagi mpya yenye washa ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza nusu mzunguko, basi. Tulipima mgandamizo, silinda ya tatu ikalingana na wenzake. Baada ya safari ya Tukuyu na kurudi niliikagua ikiwa baridi: haikulegea.

Nikibadilisha plagi sasa naanza na kipande cha mpira wa petroli. Nakichomeka juu ya plagi, naishusha kisimani na kuizungusha kwa vidole. Ikiingia upande, mpira unateleza kabla uzi haujaumia. Racheti naishika plagi ikishafika chini.