Ninavyoendesha kikao cha usalama wa dawa: kila mtu na mfuko wake

Ukiita watu waje kusikiliza habari za "matumizi mabaya ya dawa", kila mmoja atadhani wanasemwa wengine. Kwa hiyo tangazo langu ni fupi: njoo na dawa zote zilizomo nyumbani, hata zile usizokumbuka ni za nini. Watu 15 wanatosha, na mfamasia lazima awepo, maana maswali ya dozi hayajibiwi kwa kubahatisha. Majina siandikishi. Asiyetaka kuonyesha dawa yake simlazimishi, hiyo ni siri yake.

Tunaanza kwa kusoma jina la kitaalamu, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, nami siuonei uchungu. Mtu ana vidonge vya maumivu, vya mafua na vya homa: paketi tatu, rangi tatu, na mara nyingi zote zina parasetamoli. Tunapiga hesabu pamoja. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Akimeza viwili mara nne, kisha akaongeza dawa ya mafua yenye parasetamoli, ameshavuka. Ini huumia kimyakimya. Siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima kabisa. Aliyezidisha aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje dalili.

Kisha vijiko. Najaza maji vijiko vinne vya nyumbani, nayavuta kwa sirinji isiyo na sindano, kimoja baada ya kingine, na kila mtu anasoma mstari. Vipimo havilingani. Mzazi akishaona hivyo, kijiko cha chai hakitumii tena kumpimia mtoto mililita 5.

Dawa kali za maumivu, kama kodeini, tramadoli na mofini, pamoja na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, zinahitaji uangalifu wa maneno. Nasema wazi kwamba zinaweza kudhoofisha upumuaji, na zikichanganywa zenyewe kwa zenyewe au na pombe, mtu anaweza kulala asiamke. Dalili ni pumzi za kuvutavuta au mkoromo mzito, midomo kubadilika rangi, mboni za macho kuwa ndogo mno, na kutoamka hata akitikiswa. Ita huduma ya dharura, mlaze kiubavu, usimwache peke yake. Nalokisoni ikiwepo, apewe. Hutengua dawa za jamii ya mofini, lakini haitengui diazepamu.

Kosa la waelimishaji wengi ni kutisha watu halafu wakaishia hapo. Mtu aliyetumia diazepamu kwa muda mrefu akiogopa na kuiacha ghafla, anaweza kupata degedege. Dawa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari. Sifungi kikao kabla sijalirudia hilo.

Dawa zilizokwisha muda sizipokei. Mezani zinaweza kuokotwa. Zirudishwe famasi inayozikusanya. Pasipo na huduma hiyo, vidonge vya kawaida vitolewe kwenye paketi, vichanganywe na udongo, vifungwe mfukoni ndipo vitupwe. Kwa zile kali, mfamasia aulizwe kwanza. Jina la mgonjwa kwenye lebo lifutwe kwa wino mweusi.