Redio ya mkononi yafika wapi ukiwa Lamu?

Boksi limeandikwa kilomita 30. Mjomba wangu, nahodha wa mashua ya kuvulia, alinunua redio mbili kwa kuiamini namba hiyo: moja ya chomboni, moja ya nyumbani Mkomani. Mimi nilitaka kuujua ukweli kabla kusi haijaanza kuvuma, kwa sababu chombo kikipata shida nje, hapo hakuna tena nafasi ya kubahatisha.

Redio zenyewe ni za VHF, yaani masafa ya juu sana, wati 5, na masafa tuliyotumia yana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Chaneli 16 ya baharini, megahezi 156.8, hatukuigusa kabisa. Ile ni ya kuitana na ya dharura, haifanyiwi majaribio.

Mimi nilikaa juu ya paa na daftari, mjomba akashika njia ya Shela. Kila baada ya mwendo kidogo alinisomea namba, nami naziandika. Hili la namba nalisisitiza. Ukimuuliza mtu “wanipata?” atakujibu “nakupata” hata kama ameambulia neno moja tu, lakini namba haikisiwi: umeisikia au hukuisikia.

Mpaka karibu na Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, sauti ilikuwa safi kama tumekaa baraza moja. Alipoipita Shela na kufuata ufuo kuelekea kusini-magharibi, ikaanza kukatika.

“Mjomba, wanipata?”

Mkwaruzo, kisha kimya. Wala hakuwa mbali! Vilima vya mchanga vilikuwa vimeingia kati yetu. Binamu yangu tuliyemweka juu ya vilima alitusikia sote wawili vizuri, akawa anapokea huku na kupeleka kule.

Mjini nako ni vivyo hivyo. Ukiwa ndani ya kichochoro cha Langoni, kati ya kuta nene za mawe ya matumbawe, mtu wa Mkomani anakusikia vipande vipande. Panda ghorofani, anakupata. Kwenye mkondo wa Mkanda mikoko inakula sauti, na kona moja tu yatosha kuimaliza.

Jambo lililonishika hasa ni urefu wa antena kutoka majini. Mawimbi ya redio hizi huenda karibu sawa na macho yanavyoona, na dunia ni mviringo. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita za upeo wake kwenye maji matupu. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, ujumlishe. Mvuvi aliyeketi na redio kiunoni, antena nusu mita juu ya maji, upeo wake ni kama kilomita 3. Akisimama na kuiinua hadi mita 2, zinakuwa karibu 6. Ni mtu yuleyule na betri ileile! Nami juu ya paa la mita 9 nina zaidi ya 12, kwa hiyo jumla yetu ni kama 18, mradi hakuna kilima kati yetu. Tena kiunoni mwili wenyewe unaziba mawimbi. Redio itolewe kwenye msuli, ishikwe wima, mbali kidogo na kichwa.

Kuhusu nguvu, wengi wanaitegemea kupita kiasi. Kwa safari ya Shela, wati 1 ilisikika sawa na wati 5, na betri inadumu zaidi.

Tumekubaliana hivi: mjomba anaita kabla ya kuipita Shela, anataja anakoelekea na saa ya kurudi. Akiwa nyuma ya vilima na ana jambo, anatoka nje zaidi baharini mpaka aione Ras Kitau, anasimama, ndipo anaita. Sasa natafuta waya na antena ya kufunga kwenye mlingoti. Mwenye mashua aliyekwisha kufunga aniambie amezuiaje maji ya chumvi yasiingie kwenye maungio.