Soseji ya Kichina: ninavyoipika juu ya wali

Ukiichukulia soseji ya Kichina kama soseji ya kukaanga ya asubuhi, hutaipenda. Ina sukari nyingi, kwa hiyo kwenye kikaango huungua upesi, halafu ukiitafuna yenyewe ni chumvi na utamu mtupu. Hapa Guangzhou, wenyewe wanaiita lap cheong na wanaitumia kuungia chakula kingine, hasa wali. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kuifaidi.

Nyama yake ni nguruwe aliyekatwakatwa. Ukiipasua unaona punje za mafuta meupe ndani ya wekundu. Huungwa kwa chumvi, sukari, sosi ya soya na pombe kali, ikajazwa kwenye utumbo na kuanikwa ikauke. Msimu wake ni upepo wa baridi ukishaanza, na madukani unazikuta zimefungwa mbilimbili kwa uzi. Pamoja na kukauka kote huko, bado ni mbichi, usionje kabla ya kupika. Na kwa ndugu zangu Waislamu: hata zile nyeusi za ini la bata, nyingi zimechanganywa na nguruwe, na pombe imo.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenionyesha wali wa chungu. Mchele unalowekwa kama nusu saa, unabandikwa kwenye chungu cha udongo kwa moto wa wastani. Soseji naziosha kwa maji ya moto kuondoa mafuta ya nje. Kinachohitaji jicho ni wakati wa kuziweka: maji yakishazama na juu ya wali vikabaki vitundu vinavyotoa mvuke, hapo hapo nazilaza nzimanzima, nafunika, napunguza moto kabisa. Robo saa hivi. Mafuta yanayeyuka na kushuka ndani ya wali, na jiko zima linanukia.

Kabla ya kuepua, namiminia mafuta kidogo kuzunguka ukingo wa chungu na kukigeuzageuza motoni, kila upande upate. Huo ndio ukoko, na watu wa huku wanaugombania vilevile kama nyumbani. Soseji nazitoa, nazikata mshazari, nyembamba, nazirudisha juu. Kuzikata baada ya kuiva ni bora, kwa sababu mafuta hayatawanyiki kwenye ubao. Mwisho nanyunyizia sosi ya soya niliyoichanganya na sukari kidogo na mafuta ya ufuta. Chumvi situmii hata chembe.

Huna chungu? Jiko la umeme la wali linafanya kazi hiyo hiyo, ila ukoko usahau.

Mtu mmoja soseji moja inatosha, mbili ni uroho. Zinazobaki nafunga vizuri na kuziweka kwenye friza. Kiporo cha wali nakikaanga asubuhi na mayai na majani ya vitunguu. Soseji inatangulia kwenye kikaango kikiwa bado cha baridi, ijikaange kwa mafuta yake yenyewe.

Za Sichuan ni habari nyingine. Zile zina pilipili, na viungo vinavyotia ulimi ganzi, sukari si kitu. Hizo napika kwa mvuke, na wali siupiki kabisa: nazila na ugali na mboga za majani zilizokaangwa kwa kitunguu saumu.