Kalamu ya Jumapili

Nilipoolewa Creuse, katikati ya Ufaransa, sikujua kwamba mahali penye ng'ombe wengi kuliko watu panaweza kuwa na meya wake. Wakati ule nchi ilikuwa na komuni, yaani mji au kijiji chenye meya na baraza lake, zaidi ya 36,000, nyingi ndogo kama yetu: kanisa, mnara wenye majina ya waliokufa vitani 1914 hadi 1918, duka la mkate lililokufa zamani, na ofisi ya meya inayofunguliwa asubuhi mbili tu kwa wiki.

Tarehe 23 Machi 2014 ilikuwa Jumapili ya kuchagua madiwani. Mimi, raia wa nje ya Umoja wa Ulaya, sikuwa na kura. Mama mkwe akaniambia, "Njoo jioni, mwanangu, uone wanavyohesabu. Huku hatuna sinema nyingine."

Nafasi zilikuwa 11, wagombea 11. Mgeni angesema hapa hakuna ushindani. Kumbe kwenye komuni zenye watu chini ya 1,000 mpiga kura aliruhusiwa kuingia na karatasi ya majina nyuma ya pazia na kumfuta kwa kalamu asiyemtaka. Watu wanaobusiana mashavu kila asubuhi walisubiri miaka sita wamalizane kwa wino. (Sheria ya 2025 imeondoa mtindo huo, sasa hata vijiji hupigia kura orodha nzima, wanaume na wanawake wakipishana. Usawa naukubali, ila kalamu naisikitikia.)

Saa kumi na mbili jioni sanduku likafunguliwa, sanamu ya Marianne, mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, ikitukodolea macho kutoka kwenye kabati la mafaili. Nyuma ya meza alisimama mgombea mmoja, mfugaji wa ng'ombe wekundu wa Limousin, kofia mkononi. Alikuwa amefunga kwa seng'enge njia ya kuteremkia kijitoni, na kila mtu alijua njia ile ni ya komuni. Hakuna aliyemwambia kitu. Sasa msomaji akawa anasoma majina, akifika kwake anameza mate na kuruka. Kuna aliyemfuta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Ndipo ikatokea karatasi yenye maneno pembeni: "Na njia yetu je?"

"Hilo ni swali, si tusi," mama mkwe akadakia kutoka nyuma.

Msimamizi hakucheka. Karatasi iliyoandikwa neno la ziada ni kura iliyoharibika, na kura iliyoharibika haitupwi: inasainiwa, inaambatishwa kwenye taarifa rasmi, inapelekwa ofisi ya serikali, kwetu ikiwa Aubusson. Basi lalamiko ambalo hakuna aliyethubutu kulipeleka mlangoni kwa jirani likaenda serikalini na saini za wakubwa wote wa kituo.

Kumi walipita. Yeye hakufikisha nusu ya kura, ikabidi arudi duru ya pili wiki iliyofuata, peke yake. Katikati ya wiki trekta lake likasikika likinguruma kule bondeni, na jioni seng'enge ilikuwa imeviringishwa kando ya ghala. Hakuna aliyemwambia kitu, safari hii pia.

Tarehe 30 akapita. Baraza lilipogawana majukumu, kamati ya barabara na njia wakamkabidhi yeye.