Vikaratasi viwili kwenye kikombe

Jana usiku nilifanya jambo ambalo nisingependa mchungaji wangu alijue. Nilichana karatasi ya daftari vipande viwili, kimoja nikaandika NENDA, kingine BAKI. Nikavikunja, nikavitikisa ndani ya kikombe, nikafumba macho, nikaomba, nikachomoa kimoja.

BAKI.

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikajisikia mwenyewe nikisema, "Bwana, tufanye mara tatu."

Wiki ya sita sasa najiambia kuwa natafuta mapenzi ya Mungu. Kazi niliyopewa ni nzuri, ndiyo niliyoisomea, ila iko mbali. Na mama amezeeka, magoti yanamsumbua. Wanaonipenda wamegawanyika. Mmoja anasema mlango umefunguka, na nani aliyeufungua kama si Mungu? Mwingine kila tukionana ananiuliza kama nina amani. Nikilala vizuri ninayo. Nikichoka sina. Na hiyo ya mlango nayo inanitatiza, maana Paulo katika Matendo 16 alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, akapata maono ya mtu wa Makedonia, na alipofika Filipi kwa utii wote huo akachapwa viboko na kutiwa gerezani. Angetumia vipimo vyetu angesema amekosea njia.

Basi baada ya aibu ya kikombe nikafungua Waamuzi 6, kumtafuta mwenzangu Gideoni. Wengi tunamkumbuka kwa ile ngozi ya kondoo: usiku wa kwanza ngozi ilowe umande na ardhi iwe kavu, usiku wa pili iwe kinyume chake. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba kufikia hapo alikuwa ameshaambiwa. Malaika alimkuta akipepeta ngano kwa kujificha, akatumwa waziwazi kuwaokoa Israeli. Na yeye mwenyewe, anapoomba ishara ya ngozi, anakiri kuwa Mungu amekwisha kusema. Jibu alikuwa nalo. Alichopungukiwa ni ujasiri. Mungu akamchukulia hivyo hivyo, mara zote mbili, na hapo nilipumua kidogo.

Kura nazo zimo, siwezi kukataa. Mitume walipiga kura kumpata wa kushika nafasi ya Yuda, ikamwangukia Mathiya. Lakini kwanza walikubaliana wanamtaka mtu wa namna gani, yaani aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, wakabaki na majina mawili, wakaomba. Kura ikaja mwisho kabisa. Na baada ya Pentekoste, waumini wa Agano Jipya hatuwaoni tena wakiamua jambo kwa kura. Mimi nilikimbilia kikombe kabla ya kufanya hata lile la kwanza.

Mimi si Mkatoliki, ila kuna jambo la mtakatifu wao Ignatius wa Loyola ambalo halinitoki. Alikuwa askari, mzinga ukamvunja mguu huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa amelala akiuguza, aliwaza sifa za vitani akafurahi, lakini furaha ile ikaisha ikamwacha mkavu. Alipowaza kuishi kama watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya wazo kupita. Nikajaribu. Nikiwaza kubaki, naona watu wakinisifu kwa kuwa mtoto mwema, na ni tamu kweli. Ikifika jioni imegeuka kinyongo, nimeshaanza kumdai mama fadhila ambazo hakuniomba. Nikiwaza kwenda, naogopa. Asubuhi bado naogopa, lakini ningali nataka.

Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza, ni kweli. Nilichokuwa natafuta ni Mungu aseme yeye, ili mama akilia nimwambie si mimi.

Leo asubuhi nikampigia. Nilikuwa nimejipanga, nikaanza na maombi ya siku arobaini, nikapita kwa Gideoni, nikawa nakaribia Filipi. Akanikatiza.

"Mwanangu, hayo yote ni kuhusu nini?"

Nikamweleza kazi, umbali, magoti.

Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe upande wake.

"Habari za kazi mwulize Mungu," akasema. "Habari za magoti yangu si uniulize mimi? Wiki sita unaniombea na mimi nipo?"

Sikuwa na la kujibu. Nikamwuliza. Akanieleza ngazi zinavyomtesa, na kwamba dada yangu huja kila Jumamosi (nilijua) na kwamba wameshazungumza kuhusu kuhamia kwake (sikujua). Hakusema niende. Hakusema nibaki. Alilia kidogo, nami nikalia, na hakuna aliyemtaja Mungu kama sababu.

Majibu yanatakiwa Ijumaa. Barua nimeianza: tarehe ipo, salamu ipo. Kile kikaratasi cha pili bado kimo kikombeni, na kikombe nakihitaji.