Kitabu cha Mbingu Kinachozungushwa kwa Mkono

Kitabu ninachokitamani kuliko vyote sitakimiliki kamwe. Ni Astronomicum Caesareum, ambacho Peter Apian, mtaalamu wa nyota, alikichapa mwaka 1540 mjini Ingolstadt, Ujerumani, na kukitunuku kwa Kaisari Karolo wa Tano. Mimi nipo Kigoma na nimekiona kwenye simu tu, lakini kilininyima usingizi, kwa sababu kurasa zake nyingi ni za kuzungushwa: visahani vya karatasi vilivyotiwa rangi kwa mkono vimepangwa kimoja juu ya kingine, na msomaji huvizungusha mpaka apate mahali ilipo sayari kwa tarehe anayoitaka. Hesabu yote hiyo iliweka dunia katikati, na miaka 3 baadaye Copernicus, mtaalamu mwingine wa nyota, akachapisha kitabu kilicholiweka jua mahali pake. (Apian si wa kubezwa, kwani humo humo alionesha kwamba mkia wa nyotamkia huelekea upande ulio kinyume na jua.)

Nikaamua kutengeneza changu, cha mwezi tu. Nilikata visahani viwili kwenye boksi la sabuni. Cha chini nikakichorea miezi midogo 30 kuuzunguka ukingo, cha juu nikakitoboa tundu la kuchungulia, kisha nikavibana katikati kwa uzi wa nyavu wenye fundo pande zote mbili. Nilimpelekea baba mkubwa, mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, ambaye hutoka na taa usiku wa giza na kushona nyavu mbalamwezi inapowaka. Alikuwa akikisogeza hatua moja kila jioni. Baada ya miezi miwili nilipokwenda kumwamkia, alinirudishia.

“Mwanangu, mwezi wako unachelewa siku nzima.”

Alisema kweli. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, nami nilikuwa nimeupa 30 kwa uvivu wa kugawa duara. Sasa nakata kingine chenye hatua 59, yaani miezi miwili mfululizo katika duara moja.

Akaongeza kwamba wino wangu hauonekani mtumbwini usiku. Hapo nikakumbuka kadi 32 za makundi ya nyota zilizotolewa London mwaka 1824 kwa jina la Urania's Mirror, ambazo kila nyota ilitobolewa tundu ili kadi ikiinuliwa mbele ya taa nyota ziwake. Kwa hiyo wino nimeuacha. Miezi midogo yote 59 naikata kwa wembe, umbo kwa umbo, na hilali ndizo zinazonitesa, maana boksi huchanika kwenye ncha.